Shangazi Asiyekuwepo Amepangiwa Zamu ya Alhamisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, kwa sababu Alhamisi shangazi yangu anatakiwa kulinda watoto saba, na mimi sina shangazi.

Nina miaka ishirini na saba, nilikulia Mbarara, Uganda, nimesoma hadi chuo kikuu, naishi Kanombe peke yangu na mwanangu Cyusa wa miaka mitano, na nafanya kazi katika ofisi ya mizigo ambako mtoto haruhusiwi hata mlangoni. Shule zilipofunga nilitegemea irerero, kituo cha mtaani cha kulelea watoto, lakini nacho kimefungwa wiki tatu wanajenga vyoo upya. Bwana Bayingana, anayeongoza isibo yetu, yaani zile nyumba kumi na tano za kwetu, akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kila mzazi aseme mtoto wake ataachwa na nani, na wote wakajibu papo hapo, bibi, dada, mama mdogo, nikabaki naitazama simu nikifikiri watasema huyu msomi amehamia juzi na hata ndugu hana, na kabla sijajizuia nikawa nimeandika: "Shangazi yangu amekuja kutoka Mbarara."

Tangu Jumatatu namfungia Cyusa ndani kwa kufuli, na maziwa, mkate na katuni, narudi mbio saa sita kumtazama, na nimemfundisha akisikia hodi ajibu dirishani, "Shangazi amelala." Najua, mshauri. Kila asubuhi nikizungusha ufunguo najichukia, na bado nauzungusha.

Jumatano Donatille, mama mtu mzima wa nyumba ya pili aliyekulia Bujumbura, alinisimamisha njiani.

"Mama Cyusa, huyu shangazi yako analala sana. Iko na malaria?"

"Ni uchovu wa safari, mama."

"Siku tatu? Kwani alitoka Mbarara kwa miguu?"

Akaanza kuleta uji kwenye chupa, Cyusa anaupokea kati ya nondo za dirisha na kusema shangazi anashukuru, nami jioni naosha chupa na kuirudisha pamoja na salamu za mgonjwa.

Jana nilirudi nikakuta kigoda mbele ya jiko la gesi, na njiti saba za kiberiti sakafuni zimeungua nusu. Mtungi nilikuwa nimeufunga, lakini kwa bahati tu, maana siku nyingine nasahau. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Akajibu bila hofu, "Uji ulipoa, nikataka kumpashia shangazi." Nikamwambia Cyusa, shangazi hayupo, tulikuwa tunasema tu. Akanitazama kwa huruma. "Yupo, Mama. Amelala."

Leo Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, akina mama wamepanga zamu, kwamba kila siku mtu mzima mmoja aliye nyumbani atakaa na watoto wote wa isibo. Jumatatu ni Donatille mwenyewe. "Na shangazi wa Mbarara apewe Alhamisi," akasema, "watoto watamwamsha." Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Rafiki yangu Shallon wa Gikondo yuko tayari kujifunga kitenge, akohoe kidogo, awe shangazi kwa siku moja. Au niseme amerudi Mbarara? Nikimpeleka Cyusa Jumatatu atawaambia shangazi amelala na watakuja kumwona. Nikimwacha ndani, jiko liko palepale. Nifanye nini?

Mama Cyusa, Kanombe

JIBU

Mama Cyusa, barua yako nimeisoma hewani hapa redioni neno kwa neno, na fundi mitambo wetu bado anafuta machozi ya kicheko. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipofika kwenye njiti saba.

Mtoto aliyefungiwa kwa kufuli hawezi kutoka moto ukiwaka, na jirani hawezi kuingia. Maziwa na katuni havibadilishi hilo, wala kuja kumchungulia saa sita. Kufuli hilo liwe limekwisha leo. Sikuoni mama mbaya. Nakuona mama mwenye aibu, lakini aibu ni yako na umembebesha mtoto wa miaka mitano. Angalia alivyoibeba vizuri: anamhudumia mgonjwa!

Shallon abaki Gikondo. Watoto saba wanahitaji mtu mzima wa kweli, si mwigizaji wa kukohoa. Na shangazi usimrudishe Mbarara, kwa sababu Donatille ninavyomsikia atataka kumbebea begi mpaka stendi ya Nyabugogo.

Unaogopa watakavyokutazama. Donatille amempikia uji mtu ambaye hajawahi kumwona. Wewe anakuona kila siku. Mwambie yeye kwanza, kisha Bwana Bayingana: "Nilidanganya. Cyusa alikuwa peke yake. Naomba mnisaidie." Basi, usiandike insha, najua umesoma. Watakasirika, halafu watakucheka mpaka Noeli, na hiyo utaivumilia.

Lakini kuomba msamaha kusikufanye uone haya kuuliza. Kabla ya kumwacha Cyusa kesho, ingia kwa Donatille uangalie jiko la mkaa linakaa wapi, pipa la maji lina kifuniko, lango linafungwa, na nani mwingine huingia pale mchana. Mama mwenye nia njema atakujibu bila kununa, na nyumba nyingine zote za zamu uzikague vivyo hivyo. Acha namba yako na ya mtu wa pili. Kiberiti kiende juu ya kabati, mtungi ufungwe kila siku, si kwa bahati.

Kisha kaa na Cyusa. Mwambie mwenye kosa ni wewe, na kwamba mtu mzima yeyote akimwambia adanganye watu, hata akiwa mama yake, aje aseme. Atauliza shangazi yuko wapi. Mjibu ukweli mara kumi ikibidi.

Na Alhamisi hiyo ni zamu yako. Omba siku moja kazini, ikatwe kwenye likizo yako. Wakikataa, badilishana na mama mwingine wa zamu, akushikie Alhamisi, nawe umlindie wa kwake Jumamosi.

Jambo la mwisho. Hata kama majina umebadilisha, Kanombe nzima kuna mashangazi wangapi wagonjwa wasioonekana wanaopelekewa uji dirishani? Leo ni Jumapili, na jikoni kwa Donatille huenda kuna redio. Sasa naweka wimbo, nimeuchagua mrefu kwa ajili yako. Mshike Cyusa mkono, ukabishe hodi kabla haujaisha.