Barafu za Tumwagile

Jumatatu, 10 Machi 2025

Breka imekata tena! Naipandisha, inakaa kidogo — tap! Giza. Jirani yangu Joyce anasema nawasha vitu vingi kwa pamoja. Vingi vipi? Taa, redio na friji. Mtu mmoja nyumba nzima.

Redio naweza kuikosa. Friji, hapana. Mle juu zimo barafu za ubuyu za vifukoni, za mwisho alizofunga mke wangu Tumwagile kabla hajalazwa. Alikuwa akiuzia hapa dirishani, na Mikumi hii wanaomjua ni wengi. Nguo zake ndugu waligawana siku ya kuanua tanga. Mimi nikabaki na barafu. Kuziuza sitaki, kuzila siwezi.

Jumatano, 12 Machi

Fundi Hussein amekuja. Nikamkaribisha chai — mwezi wa Ramadhani! Aibu. Kachomoa kila kitu, akawa anachomeka kimoja kimoja. Redio, salama. Friji — tap!

Kompresa inavujisha umeme kwenye bodi la friji, anasema. Breka inakata ili nisipigwe shoti. Nikamwomba aunganishe waya moja kwa moja, asiipitishe kwenye breka. Akaniangalia.

"Mzee Paulo, nikifanya hivyo nitakuja kukuzika."

Moyoni nikasema, sawa tu. Halafu nikajiogopa.

Joyce kakubali kuziweka barafu kwenye friza ya dukani kwake. Nimezipeleka nimezifunga kwenye taulo. Nimemweleza ni za nani, akazipangia kona yake.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme haukatiki tena. Ningefurahi. Kumbe ule mngurumo wa friji ndio uliokuwa unaongea humu ndani.

Lukasi kapiga simu kutoka Dar. "Baba, nunua friji nyingine." Mwanangu mwenyewe haelewi, na mimi sikumweleza.

Jumamosi, 15 Machi

Jana Joyce alikwenda msibani Kidodi, duka akamwachia mdogo wake Grace. Kwa haraka ya msiba hakumwambia habari za barafu. Ilipofika magharibi watu wakataka kitu cha baridi cha kufuturia. Binti kauza! Zimebaki mbili.

Grace analia, Joyce kapiga magoti kabisa. Nimesema haidhuru, ajali kazini. Haidhuru kitu gani! Nimerudi nyumbani nikaupiga mlango teke, sasa kidole kimevimba.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani nikakutana na Hussein. Shikamoo, marahaba. Uso unamng'aa.

"Mzee, juzi nimefuturu na barafu ya marehemu! Nimeijua kwa iliki. Mwingine hapa hatii iliki."

Iliki? Nimeitikia kama najua. Miaka yote ile jikoni kwangu, na mimi sijawahi kuonja hata moja. Nilikuwa nasema ni vitu vya watoto, naye anacheka tu, anaendelea kufunga. Mji mzima unaijua ladha yake kasoro mimi. Imeniuma kuliko msiba wenyewe.

Nimekwenda kwa Joyce nikachukua moja. Akauliza, "Nikuletee sahani, baba?" Nimekataa. Nimekaa nayo hapa mezani. Mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa baridi, karatasi ninayoandikia inalowa. Nikiila inabaki moja. Nikiiacha inakuwa maji.

Nimeng'ata kona ya mfuko. Bado sijafyonza.