Casque nyeusi niliyoacha kwa muuzaji

Bukavu, siku ya posho, Jumamosi jioni

Na tena yule muuzaji wa pale barabarani, wa casque za kusikilizia muziki, ananipasulia masikio na ngoma, ati, "Maman, bass njo muziki!" Mimi nilitaka casque yenye kufunga masikio, ya kukunja iingie mu sakoshi, na isiyo na sura mbaya.

Nikamuambia: "Papa, jaribisha na telefone yangu." Mule nilirekodi répétition, mazoezi ya kuimba ya chorale yetu ya Bagira. Espérance, mwenye kusimama pembeni yangu mu soprano, anaharibu kila wimbo. Nimeshamusema mbele ya wote, tena bila huruma.

Casque ya kwanza, takataka. Ya pili, kama kusikilizia ndani ya ndoo. Ya tatu, nyeusi, nyepesi, ikafunga makelele yote ya barabara.

Espérance alikuwa anaimba sawa kabisa. Sauti safi, ya kuudhi. Mwenye kushuka pa kila noti ya juu ni mimi.

"Ile iko muzuri, maman?"

Nikaivua. "Haifai kitu. Inaharibu sauti za watu."

Kesho pa misa tunasimama tena bega kwa bega, na sijui nitamuchukia juu ya nini.