Mama wa Ukutani

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua chako kimepoa? Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho siahidi.

Mama bado amelazwa. Pumzi zimetulia kidogo, ila tangu Jumanne sauti imekauka, ananong'ona tu. Daktari hasemi atatoka lini. Mzee naye yuko kitandani na nyonga yake, hata mlangoni hafiki. Ndiyo maana zile simu zisizo na waya ulizotuletea zilimfaa sana: kila asubuhi mama alipiga, mzee akapokea pale pale alipolala.

Sasa kaka, simu hizo hizo zimeniponza.

Unajua zilivyo. Kile kitako kilichounganishwa na waya wa simu ukutani, fundi anakiita mama. Vile vitatu vya mkononi ni watoto. Mtoto peke yake hana lolote, kila neno hupita kwa mama kwanza, hata likienda chumba cha pili tu. Na mmoja akipokea jikoni, mwingine akibonyeza chumbani, wote mnasikia mazungumzo yale yale.

Wiki iliyopita mama (wa ukutani!) alianza kukatakata. Fundi akaja, akampima, akaondoka. Jumanne akapiga, nikapokea jikoni. Hata salamu hakutoa: "Dada, mama ndiyo basi tena. Hamalizi wiki. Msijisumbue naye, tafuteni mwingine."

Na mimi, mdomo wangu huu, nikajibu, "Sawa tu, hata hivyo amechakaa." Haki ya Mungu nilisema hivyo.

Kumbe mzee alikuwa amebonyeza mtoto wa chumbani, akidhani ni hospitali.

Nilimkuta machozi yanamtiririka. Nikaeleza mpaka koo likaniuma. Nikachomoa kitako ukutani, nikampelekea kitandani: "Baba, mama mwenyewe ndiye huyu!" Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Niliporudisha waya, hakikuwaka tena.

Nikampigia mama kwa simu yangu, nikamwekea mzee sikioni. Akaisikiliza ile sauti ya kunong'ona, akanirudishia simu. "Mmeshampata huyo mwingine, siyo?"

Tangu hapo chakula anakigeuzia uso. Mama kila siku ananiuliza kwa nini mzee hataki kuongea naye. Nimwambie nini? Kwamba mumewe anamlilia? Nimeishiwa, kaka. Nacheka huku nalia.

Mwandikie mzee wewe, mtoto wake wa kwanza. Herufi kubwa, asome mwenyewe, maana nikimsomea mimi atasema nimetunga. Mwambie mama yu hai. Usitaje simu kabisa.

Yule mtoto wa chumbani, mzee bado analala naye kwenye mto wa kichwani. Leo mchana kioo chake kiliwaka, mzee akaniuliza kimeandika nini. Nikamsomea: kinatafuta.

"Kinamtafuta nani?"

Nikasema, "Mama."

Akakirudisha kwenye mto polepole, akaniomba nisikizime.

Msalimie sana wifi, na wanangu waambie shangazi anawabusu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na barua yako aiharakishe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kitinda mimba