Falone Alichelewa Mtihani Juu ya Mutoto Wangu

Mama mushauri Brigitte, nakusalimia na heshima yote, sisi wote mu nyumba tunakusikilizaka ku radio kila juma, na leo njo mara ya kwanza nakamata kalamu, unisaidie, sababu niko na furaha kubwa lakini ile furaha naiona haya.

Jina yangu ni Adelaïde, ninalima maharagi na mihogo hapa Ngungu, bwana yangu ni Jean-Claude, yeye ni muntu ya Walikale, muntu ya pori, alikuja kuoa huku kwetu akabakia. Mutoto wetu mukubwa ni Chantal, iko na akili, si mimi nasema, walimu njo wanasema, na alipomaliza mwaka ya munane walituambia aende kufanya mtihani ya kuingia ku lycée moja ya masista kule Goma, ile yenye internat, wanafunzi wanalala palepale, mahali wasichana wengi sana wanaomba na wachache tu wanakamatwa.

Siku ya kushuka mvua ilikuwa imenyesha vibaya, hakuna moto, zile pikipiki za kubeba watu, yenye ilikubali kutubeba, tukaenda kwa miguu kuelekea Shasha, na mu mutelemko nikateleza, muguu ikageuka, nikasikia imelia kama kijiti kikavu. Chantal alinikokota njia yote, mimi nalia, yeye analia, viatu vyake vikabakia mu matope. Tulifika Shasha jioni tukaketi mbele ya nyumba ya mama mumoja mwenye alikuwa anaanua sambaza zake, zile samaki ndogo za ziwa, sikumujua, hakunijua, anaitwa Mama Élisabeth. Akaangalia muguu yangu, akaangalia mutoto bila viatu, akauliza: "Munaenda wapi na hii hali?"

Nikamwambia: "Mutoto anafanya mtihani kesho ku masista ya Goma, lakini sasa sijui tena."

Akageuka akaita ndani: "Falone! Kuja uone, umepata mwenzako!"

Njo kusema mutoto wake Falone pia alikuwa anaenda ku mtihani ileile. Wakatukaribisha, wakanikanda muguu na maji ya moto, tukalala pale, na alfajiri Mama Élisabeth akanifunika na kikwembe yake akasema, "Wewe baki na dada yangu, mimi nitaenda na watoto wawili." Hakuuliza mimi ni wa kabila gani, hakuuliza nasali wapi. Akamuvalisha Chantal viatu vya Falone vya kanisa, wakaanza kutembea, sababu matope ilikuwa imekata barabara ya Sake na gari hazikupita.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Karibu na Sake, Chantal akaanguka, tangu tulipotoka nyumbani alikuwa hajakula vizuri, na woga pia, akaanguka chini macho imegeuka, wakamubeba mpaka mu centre, katikati ya Sake. Pale kulikuwa gari ya muchuruzi mumoja inaenda Goma, chauffeur akasema, "Iko nafasi ya muntu mumoja tu, nani anapanda?" Mama Élisabeth akamwambia Falone, "Panda mama, uende, mimi nitabakia na huyu." Falone akakataa.

"Mama, tulitoka wawili. Nikienda peke yangu nitaandika nini mule ndani, na ninajua huyu iko hapa chini?"

"Falone, mtihani haingojee muntu!"

"Najua."

Ile gari ikaenda. Wakamupa Chantal chai na mandazi, akapata nguvu, na walipopata moto moja wasichana wawili wakapanda, mama akawafwata nyuma kwa miguu, akapita Mubambiro peke yake, pale ku kambi ya waaskari, mpaka akapata mwenye kumubeba. Watoto walifika wenzao wakiwa wameshaanza kuandika. Sista mumoja akawahurumia akawaingiza, lakini wakati hakuongeza. Falone ni mutoto wa kufikiri polepole, mwisho ya hesabu hakuifikia. Chantal aliyeanguka njo alimaliza, nami sijui niseme nini mbele ya Mungu.

Matokeo ilipotoka, Chantal amekamatwa. Falone hapana, lakini iko wa kwanza kati ya wale wa kungojea, maana yake msichana mumoja akiacha nafasi, Falone anaingia. Unaelewa, mama? Mutoto wangu akiacha, mutoto wa yule mama anaingia.

Bwana yangu amesema neno moja tu na hataki kuongeza: "Kwetu mu pori, muntu akikutoa mu shimo, nyama ya kwanza utakayoua ni yake. Chantal aache ile nafasi." Na Chantal mwenyewe anasema, "Mama, Falone njo alipashwa kuingia, mimi nitarudia mwaka ujao," hataki kufunga sanduku, hataki fundi amupime uniforme. Mimi njo niko peke yangu mu hii nyumba mwenye anataka mutoto aende. Nilisoma mpaka mwaka ya tano ya primaire, tukakimbia vita, na tuliporudi masomo yangu haikurudi. Nilingojea huu mulango kwa mutoto wangu, ukafunguka, na sasa naona haya kupita.

Unajua Mama Élisabeth alifanya nini aliposikia matokeo? Alinipigia simu, anapiga vigelegele, "Mama Chantal, mutoto wetu ameshinda!" Alisema wetu. Ya Falone hakugusa hata kidogo. Tangu ile siku akipiga simu sijibu, naangalia jina yake inawaka, naacha ilie mpaka inyamaze, kisha naenda kusali, na mu maombi yangu namutaja yeye mbele ya watoto wangu. Sijawahi kutendewa wema kama ule, mama, wala na ndugu wa tumbo moja. Nifanye nini? Kama ni kutoa nafasi, niambie nitoe. Ao nikibakia nayo, nitamuangalia namna gani mu macho?

Ni mimi,
Mama Adelaïde, Ngungu.

*

Dada yangu Adelaïde,

Hongera kwa mutoto, na pole kwa muguu. Mu hii kazi napokea barua nyingi za watu walioumizwa na jirani, na leo nimepokea barua ya muntu aliyezidiwa na wema wa jirani. Aksanti kwa kuniandikia.

Sasa acha nikugombeze kidogo.

Muntu alikufunika na kikwembe yake, akamubeba mutoto wako barabarani, akakupigia vigelegele, na wewe unaangalia jina lake linawaka unaacha simu ilie? Hapo ulikosa, na sitakufichia. Unafikiri unamukinga na huzuni. Jiulize yeye anaelewa nini kule Shasha. Anaelewa kwamba Mama Adelaïde alipata alichotaka, sasa hana haja naye. Wewe unamutaja mbele ya Mungu kila siku, lakini Mungu hakuwa amekosa habari zake. Yeye Élisabeth njo anakosa habari zako.

Tena, munataka kumurudishia wema. Vizuri. Nani kati yenu alimuuliza kama anataka urudishwe namna hiyo? Muko watatu Ngungu, munakata na kugawanya maisha ya Falone, na Falone hayuko. Yule msichana alisimama pale Sake, mama yake anamwambia panda, akachagua mwenyewe kubaki. Hakusukumwa. Kama Chantal anaitupa ile nafasi, Falone atakuwa alikosa ile gari bure.

Papa Jean-Claude, najua uko karibu na radio. Nakuheshimu, na desturi yenu naiheshimu, tungekuwa nayo wengi hii inchi ingekuwa imepumua. Lakini Papa, nyama inaliwa inaisha. Chantal si nyama. Mama Élisabeth hakumutoa barabarani ili arudi Ngungu, alimutoa ili afike. Mupelekee yule mama heshima yako, na hiyo nyama ya kwanza kama ukiipata, lakini mutoto umwache aende.

Na wewe Chantal, binti yangu, huo moyo wako usiubadilishe hata ukiwa docteur. Ila kukataa masomo si shukrani. Funga sanduku, fundi akupime.

Adelaïde, unaona haya kwa kutaka mutoto wako asome. Toa hiyo haya. Hukuiba kitu. Yaliyomunyima Falone wakati wake ni matope na njaa, si wewe, na si Chantal.

Fanya hivi. Leo, sisemi kesho, piga simu umwambie, "Mama Falone, niliogopa, nisamehe," kisha unyamaze umwache aseme. Halafu mushuke Shasha ninyi watatu pamoja. Mubebe maharagi ya shamba lenu, si malipo, ni vile jamaa wanatembeleana. Mule kwanza. Mukimaliza kula, semeni jambo lote wazi, Falone akiketi hapo hapo, na jibu watakalotoa mulikubali bila kubishana.

Kisha ninyi mama wawili mwende ku lycée kabla ya kuandikisha wanafunzi kufungwa, muombe kuonana na préfète, yule mama mwenye kuongoza masomo yote. Musiende na bahasha, musiende kugaagaa chini. Mumueleze yaliyotokea, na yule sista aliyewafungulia mulango ataitwa aseme walifika saa gani. Ombeni kitu kimoja tu, Falone apewe kufanya ile hesabu ambayo hakuifikia. Anaweza kukataa, na akikataa mumushukuru mutoke kwa heshima, Falone aandikishwe masomo mengine mazuri, na kila likizo Chantal apite Shasha na vitabu vyake vyote wasome pamoja mpaka mtihani ujao. Hilo Chantal analiweza, na ni kubwa kuliko kukimbia nafasi.

Ulikuwa unatafuta namna ya kumaliza deni la moyo. Usilimalize, dada. Ulipata ndugu kule kando ya ziwa bila kuzaliwa naye, na ndugu hatumalizane naye. Simama, piga simu.

Ni mimi,
Mama Brigitte

*

Wasikilizaji wengi waliuliza ikaenda namna gani. Mama Adelaïde alinitumia sauti yake ku WhatsApp na akaniruhusu kuandika maneno yake hapa.

"Mama Brigitte, nilipiga simu ile siku ileile. Alijibu mara moja, akasema tu, 'Muguu?' Nikalia, nikaomba anisamehe. Tukashuka Shasha, tukala, na bwana yangu akasimama yeye mwenyewe akasema, 'Mama, mutoto wangu atamuachia wako nafasi.' Mama Élisabeth alikasirika! Akamwambia, 'Papa Chantal, keti chini. Mimi nilienda Goma na watoto wawili, unataka nikurudishie mumoja nyumbani?' Falone akacheka, akamwambia Chantal, 'Ukiacha ile nafasi mimi siingie, nakuapia, itabakia bure.' Njo Chantal akalia, na toka pale hakusema tena neno ya kuacha.

"Kwa préfète tulienda sisi mama wawili, na Falone nyuma yetu. Ni mama mukali, hakutuambia hata karibu. Alimuita yule sista, akamusikiliza, akatuuliza kila mumoja peke yake, kisha akamuita Falone akamuketisha mu bureau na hesabu. Sisi tulingojea inje. Alipotoka, préfète akasema, 'Hesabu ameiweza. Mu darasa iko nafasi. Mu internat vitanda vimejaa, siwezi kudanganya.' Mama Élisabeth akasema iko na mukubwa wake wa tumbo moja pale mujini, Falone atatoka kwake kila asubui. Nami nikasema maharagi ya kula kwa ule mukubwa itatoka kwangu, na Mama Élisabeth akakataa, nikakataa kukataliwa, tukabishana mbele ya préfète mpaka akatufukuza.

"Siku ya kwanza tuliwasindikiza. Wale wasichana walishikana mikono, wakapita mu portail, ule mulango mukubwa wa lycée, wakiongea mambo yao, hawakugeuka hata kidogo. Mama Élisabeth akaniambia, 'Umeona? Wametusahau.' Tukacheka, kisha tukalia kidogo, kisha tukaenda kutafuta mahali wanauza chai."