Niliposimama Bungeni

Ijumaa, Kibiti. Manyunyu tangu alfajiri.

Shajara, naomba usimame kwa heshima upokee taarifa ifuatayo. Mimi, fundi cherehani wa kisiwani, Delta ya Rufiji, mwenye kitambi kisichofichika, juzi nimesimama ndani ya Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Waheshimiwa wabunge wamenipigia makofi. Na suruali niliyojishonea mwenyewe haikuchanika.

Mwisho wa taarifa. Unaweza kukaa.

Niko kwa mdogo wangu, nangoja mvua ipungue nishuke Nyamisati kutafuta boti ya kunivusha nyumbani. Ameshawatangazia majirani, na kila anayeingia ananiita Mheshimiwa. Nacheka nao. Nimekuwa hodari wa kucheka siku hizi.

Safari ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Zuhura, mke wangu.

Zuhura alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, na haja yake ilikuwa moja tu: boti ya kubebea wagonjwa. Mbunge alipokuja ziara, wanakisiwa wengine waliimba, Zuhura akanyoosha mkono. Alimbana yule mheshimiwa mpaka akatoa leso kujifuta jasho. "Mama," akasema mwishowe, "swali lako nitalipeleka Bungeni, na siku ya kuulizwa utakuja Dodoma ulisikie kwa masikio yako." Sisi wengine tulidhani ni maneno ya jukwaani. Zuhura akawa anampigia simu kila mwezi unapoandama.

Mimi, msomi wa redio, ndiye niliyemfafanulia kwamba swali la Bunge haliulizwi hivihivi kama bei ya nyanya. Linaandikwa, linapelekwa, linapangiwa siku, na wizara inaandaa majibu. Tena mbunge hana boti ya kumpa mtu. Anachofanya ni kuiuliza serikali.

"Kwa hiyo na yeye anaomba kama siye?"

"Anaomba. Ila yeye ana kipaza sauti."

"Basi mimi nitamshika koo mpaka akitumie," akasema, akaendelea kupara samaki wake.

Swali likapata siku yake. Zuhura hakuiona.

Alianza kubanwa kifua asubuhi. Boti ya jirani ilikuwa imekwenda kuvua, na iliporudi maji yalikuwa yameshakupwa, mkondo wote tope. Tukangoja maji yajae, kichwa chake mapajani mwangu. Alinitania kwamba natetemeka kuliko cherehani. Tulipofika Nyamisati alikuwa hanitanii tena.

Arobaini yake haijafika, msaidizi wa mbunge akanipigia. Kwenye orodha ya wageni wa kisiwani waliopangwa kwenda Dodoma na Zuhura nami nilikuwemo, kama mbeba mkoba wa mwenyekiti. Swali limepangwa, akasema, je, majina ya wageni ni yaleyale?

Nikamjibu ni yaleyale.

Sijui kama naweza kueleza kwa nini. Kumwambia mtu wa mbali "ondoa jina lake" kulinishinda.

Basi tukaenda. Langoni tuliacha simu zetu, na tukaelezwa kwamba mgeni akiwa jukwaani hasemi wala hapigi makofi. Spika akasoma dua, maswali yakaanza. Letu lilipofika nilijikuta nimeshika ukingo wa kiti. "Je, ni lini Serikali itapeleka boti ya kubebea wagonjwa katika visiwa vya Delta ya Rufiji?" Naibu Waziri akasimama, akajibu kwamba Serikali inatambua changamoto hiyo na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Akaketi. Mara tukawa kwenye swali la barabara ya jimbo la mtu mwingine.

Hata uzi nilikuwa sijaingiza kwenye sindano.

Kisha ikaja zamu ya kutambulisha wageni. Na hapa, Shajara, taarifa yangu ya mwanzo inahitaji marekebisho.

Spika alisoma kwamba wapo wakazi wa Delta ya Rufiji, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Bi Zuhura. Akasema karibuni sana Dodoma, simameni hapo mlipo. Wenzangu wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa. Chini kule wabunge walikuwa wamegeuza shingo, wanamtafuta mama wa kumpigia makofi.

Bi Tatu, jirani yetu, akanibonyeza ubavuni. "Simama weye. Wanamtafuta."

Nikasimama, nikapunga mkono. Makofi yakalia, mazito, ya ukumbi mzima. Nilikuwa nimetaka jina lake lisikike mle ndani, basi. Sikufikiri kwamba likisomwa itabidi mtu aliitikie, na kwamba wa kuliitikia, mumewe aliye hai, ni mimi.

Nikaketi kwa pupa ili niinamishe uso. Suruali ikachanika, nyuma, kutoka juu hadi chini.

Bi Tatu alinifunga kanga yake kiunoni, tukatoka hivyo mbele ya askari waliojitia hawaoni. Nje mbunge akatujia anatabasamu. "Mama yetu yuko wapi? Nimemtafuta kwa macho simwoni."

Nikamwambia.

Akanishika mkono, akaitazama kanga yangu, akautazama uso wangu. Mwisho akasema, "Nitauliza tena."

Namwamini. Kuuliza atauliza.

Mvua imepungua. Bi Tatu ameshatangulia Nyamisati na wenzake, nami nafunga mzigo. Tangu juzi najikuta nikilipanga lile tukio la suruali: nianzie wapi, askari niwaigizeje, kanga niitaje mwisho kabisa, maana hapo ndipo Zuhura angecheka mpaka ashike ukuta. Nimelipanga vizuri sana. Jioni nitafika nyumbani. Nitamsimulia nani?