Petali ya Tano

Nakivale, Kabazana
11 Februari 2024

Mwanangu Vestine,

Pokea amani ya Bwana, kisha pokea na ile ya nyumbani, maana hata kuku wanakuulizia. Kile kikohozi kimekwisha au bado unakificha? Mimi ni mzima, ila magoti yanaanza kunitabiria mvua vizuri kuliko redio. Maharagwe yametoa maua.

Barua hii anakuletea Déo, jirani yetu hapa kambini anayepeleka maharagwe Mbarara. Amekubebea pia unga wa muhogo. Chimbua ndani yake taratibu, utakuta kile kisanduku cha dhahabu cha ukoo wetu. Usipige kelele. Déo hajui alichobeba, na akijua hatapata usingizi mpaka Krismasi.

Bawaba imekatika. Kifuniko kilinibaki mkononi nikiwa nakisugua. Unanijua, kila Jumamosi nakisugua kwa majivu ya migomba yaliyochekechwa vizuri, kama sufuria ya harusi, ili kaka yako Rénovat akirudi akikute kinang'aa. Mwambie huyo mzee Buruhan anayekufundisha usonara atengeneze bawaba, kifunge tena kwa ule mlio wake. Nimeukosa mlio huo.

Jana mchana nilisinzia mkekani nikamwota Rénovat. Amekaa mlangoni, amenipa mgongo, na ziwa limepanda mpaka kwenye migomba yetu, limetulia kabisa, wala mimi sikushangaa. Nikamwambia, "Petali yako inakungoja." Alijipangusa mikono kwenye suruali, akasimama, akaenda zake kandokando ya maji. Niliamka na furaha ambayo sijui ilitoka wapi.

Utakuja Pasaka?

Ni mimi mzazi wako,
Mama Rénovat


Mbarara, Nyamitanga
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na magoti yako nayaamkia pia. Kikohozi kimeniacha. Hapa Nyamitanga ukungu wa mto Rwizi unapanda asubuhi, na nikivuka daraja kwenda kazini Kakoba siioni miguu yangu. Napenda hivyo. Naona kama natembea ndani ya zile ndoto zako.

Kisanduku kimefika salama, kimejaa unga kama andazi. Nilipokiweka mezani, mzee Buruhan alisahau hata chai yake. "Banange!" akasema. "Vestine, funga mulango kwanza!" Akakishika kwa ncha za vidole, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akasema, "Siku hizi mashine iko nafanya hii kazi. Lakini mashine haina kupumua. Hii mutu alikuwa napumua juu yake."

Bawaba ndiyo iliyomliza zaidi. Akanieleza: ni vijimirija vya dhahabu, kimoja cha kifuniko, kimoja cha chini, vimepishana kama vidole vya mtu anayesali, na uzi mmoja wa dhahabu umepita katikati. Kikifungwa huoni pa kukifungulia. Vile vijimirija ameniachia nivikunje mimi. Vidogo kuliko punje za uwele, Mama! Nikipumua vibaya vinaruka.

Sasa nina ombi. Juzi mzee alisema mkono wangu umefunguka, naweza kuitwa fundi. Baba alikuwa akisema kwetu hakuna fundi mpaka akate petali yake kwenye lile ua la kifuniko. Nne zimekatwa. Ya tano iko wazi. Niruhusu niikate mimi.

Bintiyo,
Vestine


Nakivale, Kabazana
24 Machi 2024

Mwanangu Vestine,

Amani kwako, na kwa mzee Buruhan na watu wa nyumbani mwake, wafunge mfungo wao salama. Huku mvua imenyesha, magoti hayakudanganya.

Nimefurahi sana kwa mkono wako. Mungu anajua nilicheka peke yangu mpaka Ancilla akatoka jikoni kwake kuniangalia. Lakini kuhusu petali, hapana.

Ulikuwa mdogo, acha nikukumbushe. Kile kisanduku kilianzwa Buyenzi, kule Bujumbura, na sonara mzee Mwislamu aliyemfundisha kazi Kabanda, babu wa baba yako. Dhahabu yake ni ya mchanga wa mtoni, ilifuliwa kwa nyundo mpaka ikawa bati jembamba. Kilikuwa cha kuwekea ugoro wa mkubwa mmoja, naye akafa kabla hajakichukua. Yule mzee akakata petali moja, akampa Kabanda na kumwambia, "Zilizobaki ni za watakaorithi mikono yangu." Ya pili akakata Kabanda, ya tatu mwanawe, ya nne baba yako Anselme. Na baba yako, kabla hajafumba macho, alisema ya tano ni ya Rénovat.

Kaka yako alitufikisha njia panda tulipoikimbia Burundi mwaka ule wa 2015, akarudi kumchukua bibi yenu. Tangu hapo sijasikia kwamba amekufa, na hakuna aliyeniambia kwamba yu hai. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwangu mimi lake lipo. Siku utakapoikata wewe, nitakuwa nimemzika bila kaburi.

Usinikasirikie.

Ni mimi,
Mama Rénovat


Mbarara, Nyamitanga
18 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Uhali gani? Najua sina uso wa kuuliza. Sikuja Pasaka, na kila Déo alipopita nilimwambia nina kazi nyingi. Hazikuwa nyingi. Nilikuwa na hasira. Kila barua unaandika chini "Mama Rénovat", nami nakaa na karatasi nikijiuliza, je, mimi nilizaliwa na jirani?

Ila leo sikuandiki kwa hasira. Keti kwanza, Mama. Ancilla akiwa karibu, mwite.

Bawaba ilikwisha wiki iliyopita. Kabla ya kukisafisha, mzee Buruhan hupaka masizi ya taa juu ya nakshi, kisha anayafuta kwa kitambaa. Masizi yanabaki ndani ya mistari tu, hapo unaona kila alipopita fundi. Akapaka, akafuta. Petali nne zikatoka nyeusi vizuri. Akataka kukiweka chini, kisha akakirudisha dirishani.

"Vestine," akasema, "kuja uone. Hapa iko mutu."

Nikachungulia kwa kioo chake cha kukuzia. Kwenye petali ya tano kuna mistari, Mama. Hafifu sana, kama nyayo za kuku kwenye vumbi baada ya upepo. Petali nzima imekatwa, mpaka kwenye ncha. Mzee akasema aliyeikata alikuwa na haraka, hakuzamisha mkono. Kisha akauliza, "Na nani alisugua hii kitu kama sufuria?"

Niliangalia mistari inavyolala. Zile nne zote zimelalia kulia. Hii imelalia kushoto. Katika ukoo wetu alikuwepo shoto mmoja tu, na wewe ndiye uliyekuwa ukimpiga kiganja ili ale kwa mkono wa kulia.

Rénovat alishaikata, Mama. Sijui lini. Nilifikiria nisikuambie. Nimelala na jambo hili siku kadhaa, nikaona kumficha mama habari za mwanawe ni dhambi kubwa kuliko kumliza.

Mzee anasema mistari inaweza kukazwa, nikipita juu yake kwa tindo yangu. Sitagusa kitu mpaka useme.

Bintiyo,
Vestine


Nakivale, Kabazana
29 Septemba 2024

Vestine mwanangu,

Amani. Barua yako nilisomewa na Ancilla, kisha nikaisoma mwenyewe, kisha nikashindwa kuijibu. Déo amepita hapa mara nyingi akiuliza, "Mama, leo pia hakuna ya kupeleka?" Namwambia hakuna. Nilikuwa nalia, sikufichi. Miaka yote hii nikimfuta mwanangu kwa majivu, tena nikiimba nyimbo za kanisani.

Lakini nimekumbuka lini. Ni siku ile ya kuondoka. Watu wote wanafunga magodoro, wewe umebeba kuku, na Rénovat amekaa nyuma ya nyumba, amenipa mgongo, ameinamia kitu. Nilimgombeza vibaya. "Wenzako wanahangaika, wewe umekaa kama mgeni!" Akajipangusa mikono kwenye suruali, akasimama, akaniletea kisanduku kimefungwa ndani ya kitambaa. "Mama, shika," akasema. "Kiko tayari." Mimi nilidhani anasema kuhusu kukifunga.

Yale ndiyo maneno ya mwisho niliyomgombeza mwanangu, na kumbe alikuwa kazini.

Sasa nisikilize. Ya Rénovat usiikaze. Iache hafifu hivyo hivyo, ni mkono wake. Macho yangu hayataiona, lakini nitaitafuta kwa kidole. Majivu nimeyamwaga kwenye maharagwe. Bado namngoja, Vestine, ila sasa namngoja yeye, siingoji tena kazi yake.

Na ndani ya kifuniko je, si pako wazi? Hakuna aliyewahi kukata kitu huko. Yule mzee wa Buyenzi alianza ua la nje. La ndani anza wewe. Kata petali yako katikati, uache nafasi za watoto wako, na uzamishe mkono, usiogope.

Ukimaliza usimpe Déo. Kilete mwenyewe, ukifunge mbele yangu, nisikie.

Mama yenu,
Concilie