Springi ya Upande Mzima

Mjukuu wangu Idrisa,

Marahaba, baba. Hapa Ipuli tu wazima. Shangazi yako amemaliza kuvuna karanga, na miguu yangu inanisikiliza siku hizi.

Unauliza kwa nini fundi wa huko Kaliua anataka kubadilisha springi zote mbili za nyuma za pikapu ya marehemu babu yako, wakati iliyovunjika ni moja tu.

Hata babu yako aliulizwa hivyo. Tulikuwa tunatoka Puge, uchungu wa kumzaa baba yako umenishika, springi ya kushoto ikakatika. Babu yako akachonga gogo, akalifunga pale kwa mpira wa tairi, tukaenda polepole. Mama mkwe wangu alinishika mgongo mpaka hospitali ya Tabora, na mtoto akazaliwa salama.

Tuliporudi nyumbani, babu yako akafungua springi zote mbili uani. Jirani akamwambia, "Hiyo ya kulia mbona nzima?"

"Ndiyo iliyobeba mzigo wa mwenzake njia nzima," akajibu. "Imechoka, ila haisemi."

Nilikuwa barazani nanyonyesha. Nikageuka kumtazama mama mkwe. Tangu turudi alikuwa akipika, akifua nepi na kupokea wageni, na hakuna aliyemuuliza hali.

"Mama, njoo ulale kidogo," nikamwambia.

Alitaka kukataa. Kisha akajilaza mkekani kando yangu, akalala mpaka alasiri, nasi wengine tukawa tunanong'ona tusimwamshe.

Msikilize fundi wako. Mkeo naye msalimie, umwambie bibi anauliza hali yake yeye mwenyewe.

Bibi yako,
Zainabu